TULIKOTOKA NA BEI ZA VITU: HISTORIA FUPI YA MFUKO WA MAMA WA NYUMBANI



Mwaka huu wa 2025 kikundi chetu kinatimiza miaka kumi. Kamati ya kitabu hiki iliniomba mimi Mwenyekiti niandike historia. Historia ya kikundi chenyewe, yaani nani alijiunga lini na sanduku lilinunuliwa kwa shilingi ngapi, Katibu ameiandika katika kurasa zake. Mimi nimeona niandike historia ya kile kitu kilichotukutanisha, nacho ni bei. Tusidanganyane, akina mama hatukuanza kuweka hisa kwa sababu tulikuwa na fedha za ziada. Tulianza kwa sababu fedha ilikuwa haikai mkononi.

Mimi ni mtu wa darasa la saba, si mchumi. Tarakimu nyingine nimesaidiwa na Katibu kuzitafuta. Lakini mchumi wa kwanza katika nchi yoyote ni yule anayepima unga na kuhesabu watu watakaokula, na huyo ni mama.

1. NOTI ILIYOSHUKA CHEO

Shilingi yetu ya Tanzania ilianza mwezi Juni 1966. Kabla ya hapo tulitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki pamoja na Kenya na Uganda. Noti zilizotolewa wakati ule zilikuwa nne tu: ya shilingi 5, ya 10, ya 20 na ya 100. Noti ya mia ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Mtu mwenye noti ya mia alionekana ana fedha kweli kweli.

Sasa tazameni safari ya noti hizo. Ya shilingi 5 iligeuzwa sarafu mwaka 1972. Ya 10 ikageuzwa sarafu 1987, ya 20 mwaka 1990, ya 100 mwaka 1994, ya 50 mwaka 1996. Noti ya 200 ilizaliwa 1986, na ilipofika 1998 nayo ikawa sarafu. Noti ya 500 ilitoka 1989, na mwaka 2014 tukaletewa sarafu ya 500. Juu yake zikaja noti ya 1,000 mwaka 1990, kisha za 5,000 na 10,000 mwaka 1995.

Noti ikigeuka sarafu ujue imeshuka cheo. Hiyo ndiyo historia ya mfumuko wa bei kwa mtu asiyependa vitabu. Noti ya mia iliyokuwa mkubwa wa nyumba mwaka 1966, leo ni sarafu ambayo mtoto akiidondosha njiani wakati mwingine hainami kuiokota.

2. MIAKA YA FOLENI

Wanachama vijana wanaposikia sisi tunasema "wakati wa foleni" hudhani ni hadithi. Si hadithi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 mpaka katikati ya miaka ya 1980, sukari, sabuni, mafuta ya kula, khanga na hata dawa ya meno vilikuwa vitu vya kutafuta kama dhahabu.

Sababu zilikuwa nyingi na zilikuja zikifuatana. Mafuta ya petroli yalipanda bei sana duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Ukame wa 1973 na 1974 ulitufanya tuagize chakula kutoka nje. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, tukalazimika kuanza upya mambo ya reli na ndege. Oktoba 1978 majeshi ya Iddi Amin yakavamia Kagera, tukaingia vitani mpaka 1979. Baada ya vita Mwalimu Nyerere akatuomba wananchi tufunge mikanda kwa miezi 18. Basi miezi 18 ikapita, na mkanda haukufunguliwa.

Kahawa, pamba na katani vikawa havileti fedha za kigeni za kutosha. Fedha za kigeni zikikosekana, kiwanda hakipati vipuri wala malighafi. Sisi wa Morogoro tunajua maana yake, kwa sababu mji wetu ulijengewa viwanda vya viatu, vya ngozi, vya turubai na vinginevyo. Kiwanda cha viatu kilijengwa kwa mkopo mkubwa kikitegemewa kuuza viatu hadi nchi za nje, lakini hakikuwahi kufikia hata sehemu ndogo ya uwezo wake.

Upande mwingine serikali iliendelea kulipa mishahara na kubeba mashirika ya umma yaliyokuwa yanapata hasara, na fedha za kulipia zilitoka benki. Fedha zikawa nyingi na bidhaa chache. Hapo ndipo bei hupanda, hakuna uchawi. Mapema miaka ya 1980 mfumuko ulikaa karibu na asilimia 30 kwa mwaka. Maana yake ni hii: kitu cha shilingi 100, mwaka wa kwanza unakinunua kwa 130, mwaka wa pili kwa 169, mwaka wa tatu karibu 220. Mama aliyeficha mia yake chini ya godoro kwa miaka mitatu, akiitoa inanunua chini ya nusu ya alichokusudia, na hakuna mwizi aliyeingia ndani.

Serikali ilikuwa imepanga bei kwa Tume ya Bei tangu 1973. Lakini bei ya ukutani ilikuwa moja na bei ya mlango wa nyuma nyingine. Dukani sukari ilikuwa rahisi, ila haipo. Kwa mlanguzi ipo, ila haishikiki. Mgawo ukapitia maduka ya kaya na maduka ya ushirika, na balozi wa nyumba kumi akawa mtu muhimu kuliko mkwe. Tukala unga wa njano uliotoka nje, watu wakauita Yanga kwa ajili ya rangi yake. Nguo wengine walifua kwa majani ya mpapai.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walikamatwa, na wengine kwa hofu wakatupa bidhaa usiku mitaroni na mitoni. Wananchi wengi tulimpenda Sokoine, na alipofariki kwa ajali tarehe 12 Aprili 1984, hapa katika mkoa wetu, nchi nzima ililia. Lakini kukamata mlanguzi hakuzalishi sabuni. Foleni haikwisha mpaka bidhaa zilipopatikana.

3. DUKA LIMEJAA, MFUKO MTUPU

Mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza. Watu wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuleta bidhaa, na ruzuku ya sembe ikaondolewa. Novemba 1985 Mzee Ali Hassan Mwinyi akawa Rais, na mwaka 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Wananchi wakampa Mzee Mwinyi jina la Mzee Ruksa. Mitumba ikajaa, sabuni ikarudi, redio zikaonekana.

Lakini ruksa ilikuja na bei yake. Dola moja ambayo mwaka 1984 ilikuwa shilingi 17, kufika 1995 ilivuka shilingi 500. Kila kilichotoka nje kikapanda, na kila kilichosafirishwa kwa gari kikapanda nacho. Hata mwaka 1995 mfumuko bado ulizidi asilimia 25. Mishahara ilikwenda kwa miguu wakati bei zilipanda basi.

Halafu ukaja mdororo wa ajira. Mashirika ya umma yakapunguza wafanyakazi, mengine yakauzwa, mengine yakafungwa. Mjini kwetu akina baba waliokuwa wakitoka alfajiri na sare za kiwanda wakabaki barazani. Mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza uchangiaji. Shule nazo zilikuwa na ada na michango, mpaka ada ya msingi ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Hapo ndipo historia yetu sisi akina mama ilipogeuka. Zamani fedha ya mama iliitwa fedha ya chumvi, yaani ya vitu vidogo. Mshahara wa baba ulipoisha kabla ya tarehe 10, fedha ya chumvi ikawa ndiyo fedha ya nyumba. Mama aliuza maandazi, vitumbua, mkaa, mboga kutoka Uluguru, na wapo waliopika pombe, nani asiyejua. Nyumba nyingi za Morogoro zilisomesha watoto kwa beseni la kichwani. Sijaona sanamu ya beseni mahali popote, kwa hiyo acha liandikwe katika kitabu chetu.

4. UPATU NA SANDUKU LA KHANGA

Benki haikuwa ya mama. Ilitaka dhamana, na hati ya nyumba ilikuwa kwa jina la mume kama ipo. Mama zetu walikuwa na benki mbili.

Ya kwanza ni upatu. Wanawake kumi wanatoa kiasi sawa kila mwezi na mmoja anapokea chote. Ni kitu kizuri, kinajengwa na uaminifu tu. Lakini wakati bei zinapanda kwa asilimia 30 kwa mwaka, upatu hauko sawa kwa wote. Anayepokea mwezi wa kwanza ananunua vitu kwa bei ya leo. Anayepokea mwezi wa kumi anapewa hesabu ile ile, wakati bei zimeshapanda kwa zaidi ya asilimia 20. Ndiyo maana wanawake waligombania namba ya kwanza, na ndiyo maana wauza sokoni walipenda upatu wa wiki au wa siku. Mzunguko mfupi huacha nafasi ndogo kwa bei kupanda katikati.

Ya pili ni vitu. Bibi zetu waliweka doti za khanga sandukuni, masufuria juu ya kabati, mabati nyuma ya nyumba, kuku uani. Wasomi wengine walidhani ni mapenzi ya mapambo tu. Kumbe bibi alikuwa anakimbia shilingi. Doti ya khanga ya mwaka 1982 ilibaki doti mwaka 1985, lakini mia ya 1982 haikubaki mia. Ubaya wake ni kwamba ukipata shida usiku huwezi kukata bati nusu ukampe daktari.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndipo tulipoanza kusikia habari za vikundi vya hisa, ambavyo wengi tunaviita vikoba. Mtindo huu shirika la CARE lilianza nao kwa wanawake wa vijijini nchini Niger mwaka 1991, kisha ukaenea Afrika. Tofauti yake na upatu ni moja kubwa: fedha haizunguki tu, inakopeshwa na kurudi na ziada, na ziada ni yetu wenyewe. Wakati huo pia mfumuko ulikuwa umeshuka, tangu 1999 ukawa chini ya asilimia 10. Shilingi ikaanza kukaa kidogo. Kuweka akiba ya fedha kukawa na maana tena. Hata hivyo mwishoni mwa 2011 mfumuko ulipanda ukakaribia asilimia 20, tukakumbushwa kwamba mnyama yule amelala tu, hajafa.

5. MIAKA KUMI YETU

Sisi tulianza 2015, mwaka ambao dola ilivuka shilingi 2,000. Hisa tukaipanga shilingi 2,000, mwanachama anunue moja hadi tano kwa wiki. Sanduku lina kufuli tatu na watunza funguo watatu wanaokaa mitaa tofauti.

Miaka ya 2016 na 2017 watu mitaani walisema vyuma vimekaza. Cha ajabu, bei hazikuwa zimepanda sana. Mfumuko ulikuwa kama asilimia 5. Kilichokosekana ni mzunguko. Mnunuzi alikuja, akaangalia, akaondoka. Hapo tulijifunza kwamba kuna magonjwa mawili: bei kupanda, na biashara kupoa. La kwanza linakula fedha uliyonayo, la pili linazuia fedha isije. Kwa upande mwingine, kuanzia 2016 ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa, na mikopo ya Januari katika daftari letu ikapungua. Tuseme ukweli palipo na unafuu.

Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa korona. Shule zilifungwa kuanzia Machi, na shule za msingi zilifunguliwa tena mwisho wa Juni. Wenzetu waliokuwa wakiuza vitafunwa mashuleni walikaa zaidi ya miezi mitatu bila mteja. Mkutano uliamua marejesho yasimame bila faini, na hakuna hata mmoja aliyetoroka na deni.

Mwaka 2022 ndio uliotuuma zaidi. Vita vya Urusi na Ukraine vilianza Februari, na kufika Mei petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita. Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni, nafuu ikaonekana kidogo. Lakini mafuta ya kula, ngano na nauli vilikuwa vimepanda, na mvua nazo zikawa haba, mchele na unga ukafuata. Watumishi wa serikali wa kima cha chini waliongezewa asilimia 23.3 mwaka ule. Muuza vitumbua hana kima cha chini, hana wa kumwongezea.

6. BEI INAYOJIFICHA

Takwimu za Taifa zilionyesha mfumuko wa 2022 ni kama asilimia 4. Wanachama wengi hapa walicheka. Sisemi takwimu ni za uongo. Zinapima kapu la nchi nzima, lenye vitu vingi ambavyo sisi hatununui. Katika kapu la mtu wa kipato kidogo chakula ndicho kinachojaa, na chakula kikipanda yeye anaumia kuliko tajiri.

Tena ziko bei zinazojificha. Fungu la nyanya limebaki shilingi 500, lakini nyanya zilikuwa sita zikawa nne. Andazi limebaki na bei yake, limepungua unene. Muuzaji si mwizi. Sarafu ndogo zimekwisha mitaani, hawezi kupandisha shilingi 10 au 15. Kwa hiyo hupunguza kipimo mpaka aone aibu, halafu siku moja bei inaruka kutoka mia kwenda mia mbili.

Na asiye na fedha hununua ghali. Mwenye uwezo ananunua sukari kilo tano na mafuta ndoo. Asiye na uwezo ananunua robo kwa robo na mafuta kwa kipimo cha kikombe, na mwisho wa mwezi amelipa zaidi kwa kitu kile kile. Ndiyo maana mwaka 2023 tulianza kununua mchele wa gunia kwa pamoja wakati wa mavuno na kugawana kwa debe. Hiyo nayo ni akiba, ingawa haimo katika daftari la hisa.

7. NOTI ZA BIBI

Mwaka huu wa 2025 Benki Kuu iliondoa noti za zamani katika mzunguko, zile za tangu 1985 hadi 2003, na noti ya 500 ya 2010. Muda wa kubadilisha ulikuwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili. Mwenzetu mmoja alishuka mlimani na mama yake mzazi, kikongwe, amefunga noti za 500 na 1,000 katika pindo la khanga. Alizitunza tangu miaka ya 1990 akikusudia kununua mabati. Aliwahi, benki ikampa hesabu kamili bila kupungua hata senti. Lakini mabati yale hayakurudi. Fedha ambayo zamani ingeezeka chumba, leo inatosha misumari na soda.

Bibi yule hakufuja, hakulewa, hakudhulumu. Aliweka akiba kama tulivyofundishwa. Kosa si lake. Fedha iliyolala huliwa na bei kama ubao unavyoliwa na mchwa: kwa nje ubao mzima, ukigusa ni vumbi.

8. HISA YETU SASA

Kwa hiyo nafika mahali panapotuhusu, na najua wengine hawatafurahi. Tangu 2015 hadi mwisho wa 2024 mfumuko wa kila mwaka ulikuwa kati ya asilimia 3 na 5 na kidogo. Ni mdogo. Lakini ukijumlisha miaka yote, kitu cha shilingi 10,000 cha 2015 kimefika kama 14,000. Hisa yetu ya 2,000 ingekuwa leo karibu 2,800 ili iwe na uzito ule ule. Sisi tumebaki na 2,000. Tunasema hatujapandisha hisa, kumbe tumeishusha kidogo kidogo kila mwaka. Na rambirambi ya 50,000 tuliyopanga mwaka wa kwanza bado ni 50,000, wakati sanda, usafiri na chakula cha msiba havikutusubiri.

Wanaotaka hisa ipande wana hoja. Wanaopinga nao wana hoja, maana wapo kati yetu wanaopata shilingi 3,000 kwa siku nzima ya jua, na kikundi hiki kilianzishwa kwa ajili yao kabla ya mwingine yeyote. Kikundi kikikua mtaji kwa kuwaacha maskini wake, kitakuwa benki nyingine, na benki zipo tayari.

Pendekezo la Kamati, ambalo mtalipigia kura Mkutano Mkuu, ni hili. Hisa iwe shilingi 3,000, lakini iruhusiwe nusu hisa ya 1,500, ambayo ni ndogo kuliko hisa ya leo, ili asibaki mtu nje. Kura iendelee kuwa moja kwa kila mwanachama, mwenye hisa tano na mwenye nusu wawe sawa. Rambirambi itazamwe upya kila baada ya miaka miwili, isisubiri miaka kumi. Na fedha isilale sandukuni zaidi ya wiki mbili bila kukopeshwa au kupelekwa benki.

Mimi naunga mkono. Nimeandika historia yote hii ili mjue kwa nini.

9. MWISHO

Haba na haba hujaza kibaba, tumelelewa na methali hiyo na ni ya kweli. Ila mama anayejaza kibaba lazima kila mara akague kama kibaba hakijatoboka. Bei ndiyo tundu. Hatuwezi kuziba bei ya mafuta ya dunia, hatuwezi kuleta mvua, wala hatuwezi kuzuia vita vya mbali. Tunachoweza ni kukutana kila Alhamisi, kuhesabu hadharani, kukopeshana na kurejesha.

Nawashukuru waasisi, watunza funguo wa awamu zote, Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata aliyetusaidia kusajili kikundi baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na waume zetu ambao mwanzoni walitucheka na sasa wanatuuliza gawio ni lini.

Wenzetu waliotangulia mbele ya haki Mungu awalaze pema. Tukutane Mkutano Mkuu, kila mtu aje na daftari lake.



Mwenyekiti